Mistari ya Katikati

“Katikati je?” Mzee Jaffari aliuliza. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya jiwe, maji ya kijivu yakimchuruzika hadi viwikoni.

Rukia, mkewe, aliinama akatazama. Pembeni mistari ya penseli ilikuwa imefutika yote. Katikati ilibaki mitatu, imekoza vilevile kama alivyoichora dakika kumi zilizopita. Kazi yake ilikuwa kusema neno moja tu, bado, na mzee angeendelea kusugua.

“Katikati pia imekwisha,” alisema.

“Yote?”

“Yote, Baba Hamis. Siku hizi huniamini?”

“Nisipokuamini wewe nimwamini nani? Haya macho?” Mzee akacheka. Akalinyanyua jiwe, akalisuuza kwa maji ya kopo, akapitisha kidole gumba juu yake kutoka huku hadi kule. “Kweli. Limekaa sawa. Haya, nipe wembe.”

Rukia akachukua kitambaa akaifuta ile mistari mitatu upesi, asije akatokea mtu mwenye macho akaiona.

Mtu ambaye hajawahi kukaa na kinyozi atasema jiwe ni jiwe bwana, linanoa panga, linanoa kisu, basi. Na aende akanyoe kichwa cha mtoto mchanga kwa wembe ulionolewa kwenye ngazi ya baraza, halafu arudi tuzungumze. Jiwe la Mzee Jaffari halikuokotwa Mto Kiwira. Lilitoka kiwandani, unga laini uliokandwa ukachomwa ukawa kipande cha rangi ya siagi. Jiwe la namna hiyo hutumia maji, mafuta haligusi, na lina ugonjwa mmoja: linalika. Wembe ukipita juu yake unalila, na unalila zaidi katikati kwa sababu huko ndiko mkono unakopita mara nyingi. Baada ya wiki chache linafanya bonde ambalo mtu wa kawaida hawezi kuliona. Ukiulaza wembe juu ya bonde hilo, makali yanagusa kingo tu, sehemu nyingine inaning’inia. Unapata wembe unaokata huku na kukwaruza kule, na wembe wa hivyo ni afadhali ungekuwa butu wote ukajulikana.

Ndiyo maana kila mara kabla ya kunoa, Mzee Jaffari alilisawazisha. Jiwe linachorwa mistari ya penseli, ya kwenda na ya kukatiza. Kipande cha kioo cha dirisha kinalazwa juu ya benchi, juu ya kioo unawekwa msasa wa maji, ule wa mafundi wanaopaka magari rangi, kisha jiwe linasuguliwa hapo mpaka mistari yote iishe. Mstari ukibaki mahali, ujue bonde liko hapo. Kona nazo zinapunguzwa kidogo, zisije zikabanduka chembe ikauchuna wembe. Ukimaliza unaliosha kwa mswaki wa zamani, unaliweka kivulini likauke polepole, na kwa mvua za Tukuyu hizo ni siku tatu au nne. Jikoni haliendi. Lilikuwa na mwenzake, la kijivu, la kuanzia kazi. Hilo lilipasuka vipande viwili mwaka ambao mtu mmoja wa nyumba hii, jina lake tulisitiri, alilianika kando ya mafiga.

Miaka yote hiyo mzee alifanya kazi hii peke yake. Kisha macho yakaanza kuondoka. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa vivuli. Mtu akisimama mlangoni mzee aliona giza lenye umbo la mtu. Mstari wa penseli hakuuona kabisa. Kwa hiyo mistari ikawa kazi ya Rukia, kuichora na kuitazama, na mjini hakuna aliyeambiwa. Mzee alivaa miwani yake, akawasalimia watu kwa majina kwa kusikia sauti zao, na mambo yakaenda.

Wanaume wa mjini walikwisha kuhamia saluni zamani, kwenye mashine na vioo vya ukuta mzima. Kilichokuwa kimebaki mikononi mwake ni vichwa vya watoto wachanga. Waislamu wa huku si wengi, wanajuana. Mtoto akizaliwa, iwe mjini, iwe Mpuguso, iwe Lupepo, siku ya saba anaitwa Mzee Jaffari na wembe wake mzito wa kukunja. Anakaribishwa mbele, anaombewa dua, anaitwa fundi. Ikiondoka kazi hiyo, anabaki mzee asiyeona, wa kuhamishiwa kiti jua linapohama. Mwenyewe alikwisha kusema, siku moja akilipima jiwe kwa vidole: “Hili likiisha, Mama Hamis, na mimi nimekwisha.”

Na lilikuwa linaisha, wala si mzaha. Liliponunuliwa lilikuwa nene kama kipande cha sabuni ya mche, sasa limebaki kama biskuti. Marehemu kaka yake ndiye aliyelileta kutoka Dar, kwenye duka ambalo siku hizi linauza kava za simu. Mbeya walitafuta, wakaletewa mawe ya visu vya bucha, yanayomomonyoka ukiyagusa kwa maji.

Msikilizeni basi huyu mwanamke kabla hamjamhukumu. Kila kusawazisha kulikuwa kunalila jiwe. Mwezi uliopita mzee alisugua sana siku moja, maji yakawa uji mtupu, na Rukia, amesimama pale na penseli yake, akaona kama mume wake mwenyewe ndiye anayemwagika benchini. Ulimi ukasema imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mzee akainua mikono, jiwe likapona siku hiyo. Neno lilimtoka hivyo, kwa huruma tu, wala hakulipanga. La pili lilikuja rahisi zaidi, na la tatu hata hakulifikiria.

Wembe wa siku hiyo, Alhamisi, ulikuwa unaandaliwa kwa ajili ya Jumamosi. Na Jumamosi haikuwa ya mtoto wa mtu baki.

Jumapili iliyopita Tusekile, mke wa Hamis, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Hamis ni mtoto pekee wa Jaffari na Rukia, ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, na anaishi na mkewe upande wa pili wa ua huohuo. Mtoto akapewa jina la bibi yake, Rukia, na bibi tangu hapo hamwiti mjukuu kwa jina, anamwita somo. “Somo yangu amelala? Somo yangu amenyonya?” Furaha ya mwanamke yule ilikuwa ya kuonea wivu.

Jioni ya Alhamisi Hamis alimkuta mama yake anachambua mchele.

“Mama, nimeongea na Ambwene wa saluni. Jumamosi atakuja na mashine yake.”

“Umeongea naye kwa ruhusa ya nani?”

“Mama, nikuulize kitu. Baba anaona?”

“Babako kakunyoa wewe. Kawanyoa watoto wote wa msikiti ule, na baba zao.”

“Sijauliza kamnyoa nani. Nimeuliza, anaona?”

Rukia alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. Angeweza kusema hapo. Mwanawe alikuwa amemletea nafasi mpaka miguuni.

“Mimi ndiye ninayekaa naye mchana kutwa,” alisema. “Anaona vya kutosha.”

“Vya kutosha maana yake nini?”

“Maana yake niache nichambue mchele.”

Mzee alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Akatoka akipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake, akasimama karibu na sauti ya mwanawe. Hakufoka. Ingekuwa heri afoke.

“Hamis, huyu ni mjukuu wangu wa kwanza,” alisema. “Nikishamnyoa huyu naweka wembe chini, nakuahidi. Wengine wote mpeni Ambwene. Huyu mmoja niachie.”

Hamis akakuna shingo. Kumkatalia baba anayekuomba hivyo ni kazi, hata kama unajua uko sahihi. “Sawa, Baba,” alisema mwishowe, na akampigia Ambwene simu palepale kumwambia asije.

Kuna jambo moja la nyumba hii lazima lielezwe. Tusekile alikulia Ikuti kwa bibi yake, mwanamke aliyeshika mila za Kinyakyusa kwa mikono miwili. Nkamwana, yaani mke wa mtoto wa mtu, hamtazami baba mkwe wake usoni. Hapiti mbele yake, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halitaji hata kwa bahati mbaya. Tusekile aliposilimu alipewa jina la Samira, ambalo hakuna aliyelizoea, lakini ule ukwe wake aliingia nao hivyohivyo. Miaka mitatu ua mmoja, na Mzee Jaffari alimjua kwa mlio wa ndala zake zikigeuza njia. Naye mzee, ambaye mama yake alikuwa wa hukohuko, alimheshimu. Kabla ya kutoka chumbani alikohoa mara mbili ili binti apate kupisha. Hamis aliwacheka. “Wenzenu wanapiga selfi na wakwe zao,” alisema. Hawakumjali.

Ijumaa akaja mama yake Tusekile, Mama Esnath, kutoka Ikuti, amebeba mkungu wa ndizi na kuku wawili. Ni Mkristo, mkulima wa chai, mama wa sauti kubwa na macho yanayoona kila kitu. Mzee alisimama kumpokea, akanyoosha mkono, akaunyoosha pembeni kidogo, kwenye nguzo ya baraza.

“Mwe!” Mama Esnath alimgeukia Rukia, akapunguza sauti, ambayo bado ilisikika hadi kwa jirani. “Mama Hamis, mzee ananisalimia mimi au nguzo?”

“Utani wake huo,” Rukia akasema, akacheka kicheko kirefu kuliko kilivyohitajika. “Humjui mkweo? Anapenda mzaha.”

Mzee naye akacheka. Akaupata mkono wa mgeni, akautikisa. “Ndaga fijo, asante sana, mama. Karibu. Nguzo nayo ni ya familia.”

Wote wakacheka. Lakini Mama Esnath hakuyatoa macho yake kwa mzee jioni ile nzima, na Rukia aliliona hilo, akawa anamkalia mumewe karibu, anamsogezea kikombe mkononi huku akijifanya anapanga meza.

Jumamosi asubuhi mvua ilikatika saa mbili. Sheikh Abubakary alifika na wazee wanne, wanawake wakajaa chumba cha ndani na baraza ya nyuma. Katikati ya sebule lilitandikwa busati. Beseni la maji ya uvuguvugu, kitambaa cheupe, sahani ya kuwekea nywele ili zipimwe, sadaka itolewe kwa uzito wake. Wembe ulikuwa umefutwa kwa spiriti mara tatu. Dua ikasomwa. Tusekile alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, haruhusiwi kuonekana na mkwe wake, miguu yake tu inaonekana chini ya pazia.

Rukia alikaa busatini na mtoto mapajani, kichwa kidogo kimetulia kwenye kiganja chake. Mzee akapiga magoti. Mkono wake wa kushoto ukashuka, ukakitafuta kichwa, ukakipata, ukakizunguka taratibu kama mtu anayesoma. Alikuwa amekaa vizuri, mzee wa watu, kofia nyeupe, kanzu imepigwa pasi, na Rukia alijisikia kifua kinajaa fahari. Hata yeye kwa dakika ile alisahau.

Alianzia utosini, pembeni ya pale panapopumua, na wembe ukapita. Nywele laini zikaanguka sahanini. Sheikh akasema, “Mashallah, fundi.” Mara ya pili wembe ukapita. Alipohamia upande wa kulia, juu ya sikio, ukasita.

“Unavuta,” mzee alinong’ona.

Rukia alijua kwa nini unavuta. Alijua saa ileile. Mzee aliuinua wembe, akaupitisha kwenye mkanda wake wa ngozi mara sita, saba, akarudi.

“Bado unavuta, Mama Hamis. Kwa nini unavuta? Alhamisi nimeunoa mwenyewe.”

Sebule nzima ilikuwa inamtazama. Wazee wanne, sheikh, Mama Esnath amesimama mlangoni, mikono kifuani. Rukia angesema tuache, nusu hii atamalizia Ambwene, watu wangenung’unika kidogo, wangekula pilau, yangepita. Lakini alimwona mumewe uso umeanza kumshuka mbele ya watu, na alikuwa na mwezi mzima wa kuzoea kumwokoa kwa neno dogo.

“Nywele zimekauka,” alisema. “Ngoja niongeze maji.” Akachota kwa kiganja, akamlowesha mtoto. “Haya, endelea.”

Mzee akaongeza nguvu kidogo. Pale palipokuwa butu wembe ukakwama kwenye nywele, akausukuma, na ule upande wenye makali ukaruka ukaingia.

Mtoto alipiga kelele. Ni kawaida mtoto kulia akinyolewa, hakuna aliyeshtuka. Mzee akambembeleza, “Basi, basi, mama, tunamaliza,” akapangusa kichwa kwa mkono wa kushoto, akasita.

“Mama Hamis,” aliuliza, “mbona umeweka maji ya moto?”

Damu ilikuwa inashuka nyuma ya sikio la mtoto, inaingia kwenye kiganja cha Rukia, na Rukia alikuwa ameganda, mdomo wazi, hakuna sauti. Na mzee, aliyedhani ukimya ni ukimya wa heshima, akaulaza wembe tena kichwani.

Pazia liliruka. Tusekile alitoka ndani, kichwa wazi, akavuka busati kwa hatua mbili, akasimama uso kwa uso na baba mkwe wake.

“Jaffari!” alipiga kelele. “Jaffari, acha!”

Jina lenyewe, kavu, mbele ya watu wote. Mama Esnath alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Tusekile akamnyakua mtoto mapajani kwa bibi yake, akambana kifuani, khanga ikalowa nyekundu palepale. Alimtazama yule mzee aliyepiga magoti mbele yake, na macho ya mzee yalikuwa yanatazama pembeni, kwenye beseni.

“Haoni,” alisema, sauti imeshuka ghafla. “Jamani, haoni kabisa. Mlijua?”

Swali hilo aliwauliza watu wote, lakini alimtazama Rukia.

Mzee Jaffari ndipo alipoelewa nani amesimama mbele yake. Bado hajaambiwa kuhusu damu. Alichokijua ni kwamba nkamwana wake yuko usoni pake, na afanye nini mtu wa miaka sabini na moja? Aligeuza uso wake ukutani, akainama, wembe bado mkononi, akamstahi.

Mtoto alishonwa nyuzi nne hospitalini. Muuguzi aliuliza nani amefanya hivi, Hamis akajibu, “Kinyozi,” akaishia hapo. Ilibidi wanyoe pale penye jeraha wao wenyewe, kwa hiyo somo wa Rukia alirudi nyumbani na kichwa cha viraka, na Jumapili mchana Ambwene alikuja na mashine yake akamalizia. Alifanya kazi kwa adabu, kijana yule, alimwamkia mzee shikamoo kwa sauti ya chini na hakutazama pembeni. Mzee akajibu marahaba kutoka chumbani. Hakutoka.

Sheikh Abubakary alimwita Hamis nje. Alizungumza kwa upole sana, kama watu wanavyozungumza wakiwa wamekwisha kuamua. Kwamba mzee amefanya kazi kubwa. Kwamba Mungu anaona. Kwamba kuna mtoto wa Mpuguso siku ya Alhamisi, na wamekwisha kumwomba mtu mwingine, kwa hiyo mzee asihangaike.

Mama Esnath akamchukua bintiye na mjukuu kwenda Ikuti. “Kuna jina limetajwa hapa,” alimwambia Rukia, akifunga mzigo. “Kwetu hilo lina taratibu zake, lazima lisafishwe kabla hajarudi ua huu. Na wewe, mama, mimi nilikuuliza Ijumaa. Ulisema utani.” Tusekile alipita na mtoto amefunikwa gubigubi, na bibi hakuruhusiwa hata kumgusa.

Hamis alibaki, lakini alikuwa anakula huko stendi.

Siku mbili zile Mzee Jaffari hakulalamika. Alikaa kitandani, mikono ameibana kwapani kana kwamba ana baridi. Rukia alipomletea ugali na samaki aliomba kijiko. Hajawahi kula ugali kwa kijiko mtu yule tangu amuoe.

“Ni mikono,” alimwambia mkewe. “Ilitetemeka. Ajabu yake mimi sikuisikia ikitetemeka. Makali yalikuwa mazuri, nimeyanoa mwenyewe, jiwe lilikaa sawa. Kwa hiyo ni mikono.”

“Haikutetemeka.”

“Wewe unasema tu.”

“Nilikuwepo, Baba Hamis. Haikutetemeka.”

“Basi ilifanya nini?”

Rukia akaondoka pale. Alikwenda uani, akalichukua jiwe kivulini lilikokuwa linakauka tangu Alhamisi. Alichukua rula ya chuma, akaisimamisha kwa ubavu juu ya jiwe, akanyanyua vyote kuelekea mwanga kama alivyomwona mumewe akifanya zamani, alipokuwa na macho. Mwanga ulipenya chini ya rula. Ulipenya sana. Mwezi mzima wa huruma yake ulikuwa unaonekana pale, na mtu yeyote mwenye macho angeuona. Alilia kimyakimya, akajipangusa kwa ncha ya khanga. Kisha akajiambia, huyu mzee anaikana mikono yake kwa kosa ambalo si lake. Heri anichukie mimi. Heri anipe talaka uzeeni, lakini mikono yake airudishiwe.

Ilikuwa Jumanne, kama saa tisa alasiri. Mzee alikuwa ametoka kwa mara ya kwanza, amekaa kwenye benchi lake la nyuma ya nyumba, benchi halina kitu juu yake.

“Si mikono yako,” Rukia alianza, na akasema yote bila kupumzika, asije akapata nafasi ya kurudi nyuma. “Jiwe lina bonde. Nilikuwa nakudanganya. Alhamisi mistari ya katikati ilikuwa bado, mitatu, nikasema imekwisha. Na mara zile nyingine pia. Uliniambia likiisha na wewe umekwisha, nikaogopa, nikawa nalibania. Mimi ndiye niliyemkata somo yangu. Mimi, Baba Hamis. Wewe mikono yako haina kosa.”

Alisubiri matusi. Aliyataka, yangemtua mzigo.

“Tangu lini?” mzee aliuliza.

“Mwezi.”

“Lete jiwe.”

Alimpa. Mzee akaliweka pajani, akapitisha kidole gumba kutoka huku hadi kule. Akarudia, polepole zaidi. Akajaribu kwa kidole cha shahada, kisha cha kati, cha mkono wa kulia na cha mkono wa kushoto. Akalilowesha kwa mate. Akalipitisha shavuni.

“Liko wapi hilo bonde?”

Rukia akakishika kidole cha mumewe, akakiweka katikati ya jiwe. “Hapa.”

“Hapa?”

“Hapa, hapo chini ya kidole chako. Pembeni kumeinuka, hapa kumezama. Mwanga unapita kabisa.”

Mzee alikikandamiza kidole mpaka ukucha ukawa mweupe. Rukia alimtazama uso, akaona jambo ambalo hakuwa amelifikiria katika hesabu yake yote ya usiku na mchana. Akatamani aurudishe ukweli wake mdomoni.

“Sisikii kitu,” mzee alisema.

“Ni dogo. Hata mtu mwenye—”

“Umesema mwanga unapita kabisa.”

“Ulikuwa unaniamini mimi. Ndiyo maana hukuangalia.”

“Nilikuwa nakuamini, ndiyo. Lakini kila mara nilikuwa nalipima, Mama Hamis. Kila mara. Kila ulichosema wewe, mimi nilikihakikisha kwa kidole.” Alikuwa anazungumza kwa utulivu, kama anamweleza mtu wa mbali. “Nilijua macho yamekwenda. Nikasema si neno, ninayo mikono. Jumamosi nikasema basi, mikono imetetemeka, uzee, itatulia. Sasa unaniambia mwezi mzima nimenoa kwenye bonde na sikulijua.”

“Nisamehe.”

“Nakusamehe nini? Wewe ulidanganya maneno. Kidole hiki nacho kilinidanganya, na kilikuwa changu.”

Rukia alipiga magoti pale chini, akamshika miguu, akamwomba amtukane, amfukuze, amfanye anavyotaka. Mzee alijaribu kuliweka jiwe benchini kwa uangalifu, akalikosa benchi, likaanguka kwenye zege la mfereji wa maji likavunjika. Rukia alilia kwa sauti. Mzee aligeuza kichwa kwa mlio, akauliza ni nini hicho kimeanguka, na Rukia, aliyekuwa ameapa kutodanganya tena, akamwambia ni jiwe, limevunjika.

“Sawa,” alisema.

Wakakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Kutoka benchi lile hadi chooni ni hatua kumi na mbili, ukuta uko kushoto mwanzo hadi mwisho, na mzee alikuwa akienda mwenyewe, mkono ukutani, hata wakati wa mvua kubwa. Alisimama. Alinyoosha mkono kuelekea ukutani, akaugusa, kisha akaurudisha mwilini.

“Mama Hamis.”

“Abee.”

“Nipeleke chooni.”

Akampeleka. Njia nzima mzee alitanguliza mguu mmoja, akaujaribisha chini, ndipo akakanyaga, katika ua alioumwagia zege kwa mikono yake mwenyewe.